Kufufua Doom Kando ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyaokota kwenye jumbe za WhatsApp, kwenye vibanda vya gemu vya Kondele, na kwa wenzetu wa Nakuru na Kakamega wanaotujaribia ramani. Kama umefika hapa kwa sababu laptopu imekataa kufungua mchezo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mashine.

## Mwanzo

Huu ni mradi gani hasa?

Tunaunda upya Doom, mchezo wa kufyatua risasi ambao unauona kwa macho ya mhusika mwenyewe. Ulitolewa na id Software ya Texas, Marekani, tarehe 10 Desemba 1993. Injini yake, yaani programu inayouendesha mchezo, bado ipo na inatunzwa vizuri na watu wengi duniani, kwa hivyo hatuanzi na shamba tupu. Kazi yetu ni ramani mpya zenye sura ya Kisumu na miji jirani, mazimwi mapya, muziki mpya, maneno ya Kiswahili, na kurekebisha yale machache yanayomfukuza mchezaji wa leo kabla hajaonja utamu.

Ramani zilizofika mbali ni stesheni ya reli ya Kisumu, soko la Kibuye, ufuo wa Dunga, na kipande cha Nakuru chini ya Menengai.

Mbona Doom, na si gemu ya juzi?

Kwa sababu mlango uliachwa wazi. Desemba 1997 id Software waliutoa msimbo chanzo wa mchezo huu kwa umma, na mwaka 1999 ukawekwa chini ya GPL, leseni ya programu huria. Mtu yeyote, hata aliye Siaya na laptopu ya mkono wa pili, anaruhusiwa kuufungua, kuubadilisha na kuugawa. Michezo mingi ya miaka ile imebaki masanduku yaliyofungwa ambayo mwenyewe hayafungui na wewe huruhusiwi kuyagusa.

Sababu nyingine ni wepesi. Mchezo wenyewe ulitengenezewa kompyuta ya 386 yenye RAM ya MB 4. Hakuna mashine inayouzwa mjini leo inayoshindwa na hiyo.

Si mngeujenga upya kwa injini ya kisasa, ung'ae?

Wapo waliofuata njia hiyo wakafaulu. Black Mesa ni mchezo wa Half-Life wa 1998 uliojengwa upya na mashabiki: toleo la kwanza lilitoka 2012, na mchezo kamili ukakamilika 2020. System Shock, mchezo mwingine wa zamani uliojengwa upya na studio ya Nightdive, ilianza kuchangiwa pesa 2016 ikatoka 2023. Angalia hiyo miaka. Hao walikuwa na watu na pesa, na bado ilichukua muda mtoto anaotumia kumaliza shule ya msingi.

Halo ya kwanza, iliporudishwa mwaka 2011, ilifanya jambo ninalolipenda zaidi: kitufe kimoja kinabadilisha picha mpya na za zamani papo hapo, huku mchezo wenyewe ukienda vilevile chini yake. Ukibonyeza unaona kwamba rangi ni nguo tu. Mwili ni mwendo, nasi tumeamua kuhangaikia mwili.

## Kinachobaki na kinachobadilika

Ni nini hamtabadilisha kamwe?

Mwendo. Mhusika wa Doom akikimbia hupita vipimo 583 hivi vya ramani kwa sekunde, na kimo chake ni vipimo 56. Yaani kila sekunde anakata ardhi mara kumi ya urefu wake. Saa ya ndani ya mchezo hudunda mara 35 kwa sekunde. Kwa kila mdundo mpira wa moto wa imp, zimwi linalorusha moto, husogea vipimo 10, naye mkimbiaji husogea zaidi ya 16. Anaushinda moto mbio. Uhondo wote umesimama juu ya tofauti hiyo ndogo. Hujifichi nyuma ya ukuta ukingoja damu irudi. Unapita katikati ya moto ukihesabu nani keshafyatua na nani bado.

Tunaombwa mara nyingi tuongeze kulenga kwa darubini, kubadilisha magazini, na damu inayojirudia yenyewe. Hapana, na si kwa ukaidi. Kila kimojawapo kinamwambia mchezaji asimame, na ukisimama kwenye Doom umekwisha.

Basi mnabadilisha nini?

Vidhibiti, kwanza. Zamani watu walicheza kwa vitufe vya mishale, na kusukuma mausi mbele kulimtembeza mhusika. Kijana aliyezoea Call of Duty anagusa hiyo kwa dakika mbili anaiacha. Kwetu ni W, A, S, D na mausi ya kugeukia, mausi haisukumi mtu mbele, na pedi inafanya kazi.

Pili, lugha. Ujumbe wote wa mchezo unabadilishwa kwa faili dogo la maandishi bila kugusa injini. Fonti ya Doom ina herufi kubwa tupu na haina alama za juu ya herufi, jambo linalowasumbua Wafaransa. Kiswahili kinaingia humo bila taabu, hata "ng'ombe" na kitone chake.

Tatu, ulaini wa picha, na umbo lake. Haya mawili yanaulizwa sana kiasi kwamba yamepewa maswali yake hapa chini.

Nasikia mchezo huu ni fremu 35 tu. Si utakwaruza macho?

Ungekwaruza kama tungeuacha hivyo. Skrini za VGA za wakati ule zilionyesha picha mara 70 kwa sekunde, nayo Doom ikachukua nusu yake. Injini za leo zinaiacha saa ya ndani ibaki 35, kisha zinachora picha za katikati kati ya mdundo mmoja na mwingine. Unaona 60 au zaidi, lakini zimwi bado linafikiri kwa 35.

Wengine hutuuliza kwa nini tusipandishe saa yenyewe. Ukipandisha, kila kitu kilichopimwa kwa midundo kinaharibika: kasi ya moto, muda wa mlango kufunga, pumzi kati ya risasi na risasi. Utakuwa umetengeneza mchezo mwingine kwa bahati mbaya.

Kwenye skrini yangu kila mtu ni mfupi na mnene. Kwa nini?

Umezima urekebishaji wa umbo. Doom ilichorwa kwa nukta 320 kwa 200, lakini skrini za zamani zilizivuta zikajaa 4:3, kwa hivyo kila nukta ilikuwa ndefu kidogo kuliko upana wake. Wachoraji walichora wakilijua hilo. Ukizionyesha kama nukta za mraba, mazimwi yanabonyea. Fungua mipangilio, tafuta urekebishaji wa umbo, uwashe.

Mbona siwezi kulenga juu?

Huhitaji. Ukielekeza bunduki upande wa adui, risasi inajipandisha au kujishusha yenyewe. Ramani zetu zimepangwa hivyo.

## Ramani

Mbona soko la Kibuye ni kubwa kuliko Kibuye yenyewe?

Kwa sababu ya ile kasi iliyoelezwa katika swali la kile tusichobadilisha. Mchezaji ana upana wa vipimo 32, na lile zimwi la waridi linalouma lina 60. Ukichora uchochoro wa Kibuye kwa vipimo vya kweli, ule ambao mama wa omena na mkokoteni hupishana kwa kuombana radhi, mchezaji anakwama kabla hajageuka. Tumepanua vijia, tukapunguza vibanda, tukaacha nafasi za wazi za kuzungukia. Mwenyeji akiingia anapatambua, ila anahisi kama vibanda vimesogeana vikampisha. Ndivyo tulivyotaka.

Kwa stesheni kazi ilikuwa rahisi. Reli ilifika ziwani 1901, na jukwaa la stesheni ni kitu kirefu chenye paa na nguzo. Sehemu ya namna hiyo inafaa Doom kana kwamba iliombwa.

Daraja la juu la Kondele liko wapi?

Hili ndilo swali namba moja, na kila anayeuliza anadhani tumesahau.

Doom haijui ghorofa. Ramani yake ni mchoro bapa uliogawanywa vipande, na kila kipande kina sakafu moja na dari moja, basi. Huwezi kuwa na barabara na, juu yake palepale, barabara nyingine. Ukitazama ngazi na vibaraza vya mchezo wa asili unadanganywa kwa ustadi. Hakuna mahali hata pamoja ambapo chumba kiko juu ya chumba.

Injini kama GZDoom zinaruhusu sakafu za juu kwa juu, na Kondele ingewezekana kesho. Lakini hapo ramani ingekataa kufunguka kwenye nusu ya laptopu za wachezaji wetu (tazama swali la laptopu za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kwanza). Tulibishana sana. Mwishowe tuliigawa: barabara ya chini imezungushiwa mabati ya ujenzi, ile ya juu unaifikia kwa mteremko upande wa pili, na hakuna pembe inayokuonyesha zote mbili zikipishana. Wanaotoka Kondele bado wanalalamika. Wana haki yao.

Rangi mnazipata wapi?

Mchezo mzima una rangi 256, hakuna ya ziada. Kahawia, kijivu, kijani na nyekundu zimejaa, na buluu ya ziwa inatosha. Waridi ni nyingi kwa sababu ya nyama na damu, nasi tukazitumia kwa heroe wa Ziwa Nakuru, ambao wametoka vizuri ajabu. Tatizo ni mijakaranda. Zambarau ina vivuli vichache mno, navyo vinawaka kama taa ya klabu. Wenzetu wa Nakuru walijaribu, wakaishia kupanda mikalitusi.

## Mazimwi na muziki

Mnawachoraje maadui?

Kwa udongo. Si ubunifu wetu: id Software nao waliwafinyanga baadhi ya mazimwi yao, wakawaweka mbele ya kamera na kuwageuza kidogo kidogo, kisha wakasafisha picha kwenye kompyuta. Sisi tunatumia udongo wa mfinyanzi, kigoda kinachozunguka, simu, na shuka nyeupe kwenye mwanga wa asubuhi.

Hesabu ndiyo inayochosha. Adui anaonekana kutoka pande nane, lakini upande wa kushoto ni wa kulia uliogeuzwa, kwa hivyo unapiga picha tano kwa kila mkao. Imp ana mikao minne ya kutembea, mitatu ya kushambulia na mmoja wa kuumia: picha 40 kabla hajafa. Kifo kinachukuliwa kutoka upande mmoja tu, ni nafuu. Udongo ukikauka katikati ya kazi unapasuka, kwa hivyo weka kitambaa kibichi karibu.

Tunawachukua kutoka hadithi za jioni: Apul-Apul wa Wajaluo, manani wa Waluhya. Kila anayetutembelea ana toleo la bibi yake na anataka midomo iongezwe.

Kwa nini msiweke wanasiasa au polisi wawe maadui?

Hapana. Tumeombwa kwa mzaha na tumeombwa kwa dhati, jibu ni lilelile. Zimwi halina kabila wala chama, na tunataka mtu wa Nyalenda na mtu wa Njoro wacheze meza moja bila kuangaliana vibaya.

Naweza kuwaletea wimbo wa ohangla ninaoupenda?

Lete ulioupiga mwenyewe. Wimbo wa msanii ni mali yake hata kama unachezwa kwenye kila matatu. Injini inapokea faili za midi, ambazo ni maagizo ya noti na si sauti iliyorekodiwa, kwa hivyo zina uzito wa karatasi. Nyatiti yenye nyuzi zake nane inaandikika vizuri: kuna kamba za chini zinazorudiarudia na za juu zinazojibu, na kurudiarudia ndiko muziki wa mchezo unakohitaji. Isukuti, ngoma za Waluhya, ni ngumu zaidi. Ngoma za midi hazina mkono, na tumeshatupa majaribio kadhaa yaliyosikika kama mvua kwenye mabati.

## Mashine, simu, bando na stima

Laptopu yangu ni ex-UK. Itaweza?

Itaweza. Swali ni kwa injini gani. Crispy Doom na DSDA-Doom huchora kwa prosesa yenyewe bila kuhitaji kadi ya michoro, nazo zinatembea hata kwenye Core 2 Duo. Ramani zetu zote zimejaribiwa kwa hizo mbili.

GZDoom ni habari nyingine, kwa kawaida inataka OpenGL 3.3 au Vulkan, njia ambazo programu hutumia kuiagiza kadi ya michoro. Baadhi ya ThinkPad na EliteBook za mkono wa pili zina Core i5 ya kizazi cha pili, na michoro ya Intel ya kizazi hicho chini ya Windows inafika OpenGL 3.1 tu. Mashine hiyohiyo ukiiwekea Linux inafika 3.3. Kwa hivyo fundi akikuambia laptopu "imezeeka", mwulize kwanza ni kizazi cha ngapi na inatumia mfumo gani.

Na kwenye simu?

Injini zipo za Android. Kucheza kwa vidole kwenye kioo ni adhabu, maoni yangu binafsi. Kebo ya OTG, ile ya kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu, na pedi ya bei nafuu zinabadilisha kila kitu.

Itakula bando kiasi gani?

Kidogo sana. Ramani zetu na Freedoom (picha na sauti huru tunazotumia, tazama sehemu ya sheria) pamoja ni ndogo kuliko video chache ulizotumiwa leo asubuhi kwenye kikundi cha familia. Ukiwa na flashi, njoo nayo, tutakuwekea. Ukishaweka, mchezo hauhitaji intaneti tena.

Stima ikipotea katikati ya ramani?

Injini nyingi hazihifadhi bila kuambiwa. Kitufe cha F6 huhifadhi haraka, F9 hurudisha. Izoee kabla ya kila mlango wenye rangi, hasa kama unatumia desktopu isiyo na UPS, yaani betri ya akiba.

## Sheria na pesa

Je, ni halali?

Ndiyo, kwa masharti. Tenganisha vitu viwili. Msimbo wa injini uko chini ya GPL: ukiubadilisha na kuugawa, lazima utoe na msimbo wako. Lakini picha, sauti na ramani za asili, zile zilizo ndani ya faili la DOOM.WAD, bado ni mali ya wenyewe, ambao leo wako chini ya Microsoft. Hizo hatuzigawi.

Mahali pake tunatumia Freedoom, mradi ulioanzishwa ili kutoa picha, sauti na mazimwi huru yanayokaa ndani ya injini ileile. Leseni yake inaruhusu kubadilisha na kugawa ukiacha majina ya waandishi.

Kuna jamaa wa duka la muvi aliyeniwekea Doom kamili kwa shilingi hamsini. Naweza kuitumia na ramani zenu?

Itafunguka, lakini hatuwezi kukuambia ni sawa. Nakala halali inauzwa Steam na GOG, na bei hushuka sana wakati wa punguzo. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa ina kadi pepe ya Visa inayokubalika huko.

Usijaribu na lile toleo la bure la 1993 lenye sehemu ya kwanza pekee. Lenyewe linaruhusiwa kugawanywa jinsi lilivyo, ila lilitengenezwa likatae ramani za nje, na ukijaribu linakuambia ukanunue.

Naweza kuuza ninachotengeneza?

Leseni hizo mbili haziwakatazi watu kuuza, mradi masharti yafuatwe. Usiuite Doom tu. Jina ni alama ya biashara ya wenyewe.

## Wachezaji

Mtoto wangu wa miaka kumi anaweza kucheza?

Mama na baba, kule Marekani mchezo huu uliwekwa daraja la M, la miaka 17 na kuendelea. Una damu. Watoto wanaotutembelea tunawapa kazi ya kufinyanga na kuchora ramani, na wengi wao wanaipenda kuliko kucheza.

Kichwa kinanizunguka nikicheza. Nifanyeje?

Hutokea kwa watu wengi, wala si uoga. Panua upana wa kuona, zima mtikisiko wa bunduki, keti mbali kidogo na skrini, washa taa ya chumba. Ukianza kutoa jasho, simama, kujikaza hakusaidii.

Tunaweza kucheza pamoja?

Toleo la asili liliruhusu watu wanne, na hiyo ndiyo iliyolifanya liogopwe maofisini: mtandao ulijaa kazi ikasimama. Leo injini za Odamex na Zandronum zinachukua zaidi. Kwa hapa kwetu ninashauri chumba kimoja na rauta moja, hata isiyo na intaneti. Seva za Ulaya ziko mbali na ucheleweshaji unaua mwendo, na mwendo ndio mchezo.

## Hali za pembeni

Chocolate Doom inazima nikifika sokoni. Inaandika kitu kuhusu "visplanes".

Chocolate Doom ni injini iliyokusudiwa kuiga Doom ya zamani hadi kwenye mapungufu yake. Mojawapo ni kwamba inaweza kuchora vipande 128 tu vya sakafu na dari kwa mtazamo mmoja. Vibanda vya Kibuye, kila kimoja na kivuli chake, vinapita hapo ukisimama langoni. Tumia Crispy Doom. Hatutapunguza vibanda tena. Vimeshapunguzwa vya kutosha.

Kuna ukuta unaonyesha picha zilizojirudia kama vioo vinavyotazamana.

Hapo pana ukuta uliokosa mchoro, au kipande cha ramani ambacho mstari wake haukufungwa. Hilo ni kosa letu, si la mashine yako. Piga picha ya skrini ukiwa umefungua ramani kwa kitufe cha Tab ili tuone uliposimama.

Nimeweka toleo jipya, na mchezo niliouhifadhi haufunguki.

Hautafunguka. Faili la kuhifadhi linakumbuka kila mstari wa ramani kwa namba, na tukiongeza ukuta mmoja namba zinahama. Maliza ramani uliyo nayo kwanza, ndipo uweke toleo jipya.

Sijui kuandika programu. Nawezaje kusaidia?

Wachora ramani wengi hawajui. Pakua programu ya kuchorea ramani: Ultimate Doom Builder kama una Windows, au SLADE kwa Windows na Linux. Chora chumba kimoja, mlango mmoja, adui mmoja, kisha ukicheze mpaka ujue kwa nini kinachosha. Chumba cha pili kitakuwa bora.

Naweza kuchukua ramani yenu ya stesheni niigeuze iwe Butere?

Chukua. Acha majina ya walioichora ndani ya faili, na utuambie ikiwa tayari ili tuijaribu. Ila treni usiitoe, ilituchukua muda kuipanga.